Naomba Kutoa Hoja: Kiswahili Kazini katika Jengo la Bunge

Mhadhara wa umma wa taaluma za Kiswahili, uliotolewa Picha ya Ndege, Kibaha



Naomba nianze na jina la mahali tulipo. Mtu asiyeufahamu Mkoa wa Pwani akisikia maneno "picha ya ndege" bila kuyaona yameandikwa, sarufi haimsaidii kitu. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi ndio unaotutenganishia ndege wa manyoya na ndege ya injini: yule anaruka, ile inaruka. Katika jina hili, hata hivyo, kiunganishi "ya" kinapatana na picha, si na ndege, na kwa hiyo siri ya ndege inabaki pale pale. Wala msikilizaji huyo hawezi kujua kama anayesikia ni jina la kata yenye watu au ni picha tu iliyotundikwa ukutani.

Sasa mfikirieni mtumishi mmoja aliyeketi katika chumba cha Taarifa Rasmi za Bunge, Dodoma, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Mbunge amesimama ukumbini, anasema kwa haraka kwa sababu kengele inamkaribia, na katika sentensi moja ametaja barabara, zahanati na Picha ya Ndege. Mtumishi huyu ndiye atakayeamua kuweka herufi kubwa mbili. Akiziweka, watu wa hapa wameingia katika kumbukumbu za nchi. Asipoziweka, msomaji wa miaka hamsini ijayo atajiuliza ni kwa nini Bunge lilijadili picha.

Mhadhara huu unahusu kazi ya namna hiyo. Kwa muda mrefu Kiswahili cha Bunge kimezungumzwa kana kwamba ni Kiswahili cha wanasiasa. Maoni yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha watumishi: makatibu wa mezani, waandishi wa Taarifa Rasmi, wanaoandaa maswali na majibu, wanaotunga miswada. Hao ndio waliokifanya kiwe chombo cha kazi, na katika mikono yao ndimo neno la mwananchi hupita salama au hupungua uzito.

1. Kutoka Karimjee hadi Dodoma

Historia yenyewe mnaifahamu, kwa hiyo nitaipita upesi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, na lugha yake ya kazi ilikuwa Kiingereza. Katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ndimo lilimokutana Bunge la nchi huru. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na tangu hapo mlango ulikuwa wazi. Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1996 mikutano ya Bunge ilihamia Dodoma, na miaka kumi baadaye, yaani 2006, wabunge wakaingia katika ukumbi mpya.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni, ilhali miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 120, inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge.

Katika masimulizi haya yote tunataja viongozi na tarehe. Tusichokitaja ni hiki: siku moja baada ya kiongozi kutamka kwamba lugha ya kazi ni Kiswahili, kuna mtu mezani aliyehitaji kujua hoja iitweje, muswada uitweje, kusoma mara ya pili kusemweje, na mbunge aliyekiuka taratibu aambiwe nini. Mtu huyo hakuwa na muda wa kungoja kamusi. Pius Msekwa, ambaye wengi wanamkumbuka kama Spika wa miaka ya 1994 hadi 2005, alikuwa Katibu wa Bunge katika miaka hiyo ya 1960. Kizazi chake kilijifunza utaratibu wa Kiingereza na kuuendesha kwa Kiswahili, na istilahi zilizozaliwa wakati huo hazikuzaliwa darasani.

2. Siwa, mpambe na shilingi

Tazameni maneno ambayo watumishi wa Bunge huyatumia kila siku bila kuyafikiria. Kikao huanza kwa Spika kuingia akitanguliwa na Siwa. Katika mji wa Lamu na katika kisiwa cha Pate, siwa ilikuwa baragumu kubwa, ya pembe au ya shaba, iliyopulizwa kwenye shughuli za watawala na za koo kubwa. Siwa ya Bunge ni rungu la mamlaka: hubebwa begani, huwekwa mahali pake, na haitoi sauti yoyote. Kilichohama kutoka Pate kwenda Dodoma ni heshima ya kile chombo, mlio ukaachwa Pwani. Ni tafsiri iliyofanywa na mtu aliyekuwa anaifahamu historia yake, kwani angeweza kabisa kuridhika na "fimbo ya Spika".

Anayeibeba na kuitunza huitwa Mpambe wa Bunge. Neno hili nalo limetoka nyumbani, katika wasaidizi wanaomtengeneza bibi harusi na kumsindikiza. Liliingia ikulu, ambako kuna mpambe wa Rais, na likaingia bungeni pia. Huyu wa bungeni ana kazi ya ziada ambayo mpambe wa harusini hanayo: Spika akiamuru mbunge atolewe nje, yeye ndiye wa kumtoa.

Kisha kuna shilingi. Wakati wa bajeti, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hutangaza kwamba "atashika shilingi". Asili yake ni utaratibu wa mabunge ya asili ya Kiingereza wa kupendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa kiasi kidogo kabisa, ili kulazimisha mjadala. Hakuna sarafu inayoonekana ukumbini. Hata hivyo lugha imeitendea shilingi hiyo kama kitu cha mkononi: inashikwa, inaombwa irudishwe, inarudishwa. Kitenzi "kushika" ndicho kilichofanya kazi yote. Wananchi waliuelewa usemi huo mara moja, kwa sababu kila mtu aliyewahi kudai chenji kwa kondakta anajua maana ya mtu kushika shilingi yako.

Sisemi kwamba kila istilahi ilifanikiwa kiasi hicho. "Upembuzi yakinifu", kwa mfano, umetumika bungeni kwa miaka mingi, na bado sijakutana na mkulima anayeutamka bila kusita. Lakini istilahi zilizotoka kazini zina afya kuliko zile zilizotoka kwenye orodha.

3. Chumba cha Taarifa Rasmi

Katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola taarifa hizi huitwa Hansard, kwa jina la familia ya wachapaji wa London waliozichapa katika karne ya 19. Kwetu jina lake kamili ni Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge. Naomba wanafunzi wanisikilize vizuri hapa, kwa sababu nakala hizo ni hazina kubwa mno ya Kiswahili cha kuzungumzwa kilichowekwa katika maandishi, nazo zimesomwa na wanasiasa na wanahistoria zaidi kuliko na wanaisimu.

Kazi hufanywa kwa zamu. Sauti inarekodiwa, vipande vinagawanywa, kila mwandishi anasikiliza chake na kukiandika, kisha wahariri wanaviunganisha. Mbunge hupewa nafasi ya kusahihisha maneno yake, ila masahihisho hayo hayapaswi kubadili maana ya alichosema. Yote hayo hufanyika huku kikao cha jioni kikiwa kinaendelea kuzalisha maneno mapya. Mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, hauna siku ya kupumua.

Mwandishi huyu anafanya maamuzi ya kiisimu kila dakika. Lafudhi haiandikwi: mbunge anayebadilishana /l/ na /r/ atakuta maneno yake yote yamenyooka kwenye ukurasa, na hilo ni sawa, kwa kuwa tahajia yetu si ya kifonetiki. Lakini msamiati je? Mbunge kutoka Zanzibar akisema "skuli", neno hilo halipaswi kugeuzwa kuwa "shule" kwa kisingizio cha usanifu. Skuli si kosa la matamshi. Ni neno la watu. Vivyo hivyo mbunge akichanganya Kiingereza ndani ya sentensi yake, jambo ambalo hufanyika kila siku, mwandishi anayaacha maneno hayo yalivyo. Wapo wenzangu wanaochukia jambo hilo na wangependa Taarifa Rasmi isafishwe. Mimi nasimama upande wa waandishi. Taarifa iliyosafishwa ingetuonyesha Bunge ambalo halikuwapo.

Kuna pia lugha ambayo si ya mbunge yeyote, ni ya mwandishi peke yake, nayo imo ndani ya mabano. "(Makofi)". "(Kicheko)". Mara nyingine "(Makofi/Kicheko)", kwa mkwaju, kwa kuwa waliopiga makofi na waliocheka huenda hawakuwa watu wale wale. Mabano hayo mara nyingi huwekwa mwisho wa aya, kwa hiyo msomaji hawezi kujua ni sentensi ipi hasa iliyopigiwa makofi. Mtafiti wa balagha na asijidanganye kwa jambo hilo.

Ninayoipenda zaidi ni ile inayotaarifu kwamba kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Inaanza kwa neno "Hapa". Kengele ililia wakati fulani, haikulia mahali fulani, na tungetazamia "wakati huu" au "ndipo". Mwandishi anasema "hapa" kwa sababu kwake mjadala tayari ni ukurasa, naye amesimama juu ya mstari na anautuonyesha kwa kidole. Bila kukusudia, ametuachia mfano mzuri wa kionyeshi cha mahali kilichobeba wakati.

Na kuna "Mheshimiwa Spika". Hesabuni wenyewe katika hotuba yoyote: karibu kila aya iliyochapwa inaanza na maneno hayo. Msomaji asiyezoea hudhani ni unyenyekevu uliopitiliza. Kwa kweli, kanuni inayomtaka mbunge azungumze kwa kupitia kwa Spika imezaa alama ya mazungumzo. Mbunge akihama kutoka hoja moja kwenda nyingine, hutamka "Mheshimiwa Spika". Akipoteza alichotaka kusema, hutamka "Mheshimiwa Spika". Akivuta pumzi, vivyo hivyo. Mwandishi anaposikia maneno hayo anafungua aya mpya. Cheo cha mtu kimekuwa alama ya uakifishaji. Na kengele ya pili ikilia, linafuata lile la "naunga mkono hoja", wakati mwingine kutoka kwa mbunge aliyetumia dakika zake zote kuibomoa hoja hiyo.

Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, uzito wa chumba hiki uliongezeka. Mtu aliyekuwa akitazama kikao mchana kutwa alibaki na vipande vilivyochaguliwa. Aliyetaka mjadala mzima alilazimika kuusoma.

4. Sarufi ya "ni lini"

Kipindi cha maswali asubuhi ndicho kinachomhusu mwananchi wa hapa moja kwa moja. Swali la msingi huandikwa na kupelekwa mapema, huenda wizarani, hurudi na jibu lililoandikwa na watumishi, na waziri au naibu wake hulisoma. Nimetunga mfano huu kwa ajili ya mhadhara, lakini msomaji yeyote wa Taarifa Rasmi atautambua muundo wake:

"Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara za mitaa ya Picha ya Ndege?"

"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa barabara hizo na itaendelea kuzijenga kwa awamu mara fedha zitakapopatikana."

Chunguzeni jibu hilo kama wanasarufi. Swali limeuliza wakati. Jibu limetoa kitenzi "zitakapopatikana", ambamo kuna kirejeshi -po-, na kirejeshi -po- ni cha wakati. Kwa hiyo, kisarufi, aliyeuliza "lini" amejibiwa "wakati ambapo". Hakuna Spika anayeweza kusema kwamba waziri amekwepa swali. Kimaana, hata hivyo, -po- hiyo imebeba sharti: ikiwa fedha zitapatikana. Kiswahili kingeweza kusema "fedha zikipatikana", kwa -ki-, na sharti lingeonekana waziwazi. Aliyeandika jibu alichagua -po-, na chaguo hilo limekomaa kwa miongo kadhaa ya kazi. Ni ustadi. Mtu anaweza kuusifu ustadi huo na bado akatembea kwenye tope kwenda nyumbani.

Tazameni pia kitenzi "itaendelea". Mtu huendelea na alichokwisha kuanza. Neno moja limedai kwamba ujenzi upo, na mbunge akitaka kulipinga lazima atumie swali la nyongeza. Kwa desturi anaomba kuuliza "maswali mawili madogo ya nyongeza". Yasiyokuwa madogo hata kidogo ni hayo, kwa sababu hapo waziri hana karatasi. Ndiyo maana maswali hayo huwa na sura nyingine: "Je, Serikali haioni kwamba…?" Kikanushi hapa hakikanushi. Kinambana mjibuji: akisema haioni, ameonekana kipofu, akisema inaona, ataulizwa imefanya nini. Wakati huo ndipo utawaona wahudumu wa ukumbini wakipita kimya kimya na vikaratasi, kutoka kwa maofisa wa wizara kwenda kwa waziri, na majibu mazuri ya asubuhi hiyo huwa yamo katika vikaratasi hivyo visivyohifadhiwa na yeyote.

Na ni nani asemaye katika jibu? Si "mimi", na mara chache "sisi". Ni "Serikali", nafsi ya tatu, hata kama msemaji ni Serikali yenyewe. Mwananchi anayetaka kumkumbusha mtu ahadi yake anakuta ahadi haina mtu.

5. Muswada

Nimekiacha mwisho chumba ambacho kwa muda mrefu Kiswahili kilikaa mlangoni pake. Kwa miongo mingi miswada mingi ililetwa bungeni kwa Kiingereza. Nyuma kabisa, baada ya vifungu vyote, kuliambatishwa maelezo mafupi ya Kiswahili yenye kichwa "Madhumuni na Sababu". Wabunge waliujadili muswada kwa Kiswahili. Ilipofika hatua ya Kamati ya Bunge Zima, mbunge alisema kwa Kiswahili kwamba anapendekeza kufuta maneno fulani na badala yake kuweka maneno fulani, na maneno yanayofutwa na yanayowekwa yote yalikuwa ya Kiingereza. Kisha Spika aliwahoji kwa Kiswahili, wakaitikia "Ndiyo", na sheria ikapita katika lugha ambayo wapiga kura wao wengi hawaisomi.

Kwa hiyo mkazi wa Picha ya Ndege aliweza kuusikia mjadala wote na asiweze kuisoma sheria. Wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sheria wanapaswa kueleza jambo hili: kiliwezaje kuijadili kifungu kwa kifungu?

Februari 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza inapobidi. Kazi iliyobaki ni ya watumishi tena, na ni nzito kuliko ile ya miaka ya 1960, kwa sababu sheria haivumilii neno lenye maana mbili.

Nitoe mfano mmoja tu. Katiba ya mwaka 1977 hutumia kiambishi -ta- kuonyesha lazima. Inaposema "kutakuwa na" chombo fulani, haitabiri, inaamuru. Mtunzi wa sheria akiandika "Halmashauri itajenga barabara", amefunga wajibu ambao mtu anaweza kuupeleka mahakamani. Naibu waziri akisoma "Serikali itajenga barabara" katika jibu la asubuhi, ametoa matumaini. Kiambishi ni kile kile, jengo ni lile lile, pengine hata ofisi zimekaa jirani. Watunzi wengine sasa wanapendelea "itakuwa na wajibu wa kujenga", wengine "ni lazima ijenge", na wengine wanaibakiza -ta- peke yake kama ilivyo katika Katiba. Msimamo wangu ni kuibakiza -ta- na kuifafanua mara moja katika sheria ya tafsiri, kuliko kujaza "lazima" katika kila mstari. Lakini nafahamu kwamba wapo mahakimu wanaoona vingine, na mjadala huo unahitaji data. Data ipo katika Taarifa Rasmi, maelfu ya kurasa, na kwa wanafunzi wa uzamili wanaonijia kila mwaka kuuliza watafiti nini, nawaomba waanze na kiambishi hicho kimoja: ni mara ngapi -ta- ya jibu la waziri iligeuka kuwa -ta- ya sheria, na katika mitaa ipi.

Nipo tayari kwa maswali ya msingi na ya nyongeza.